Walivyomwandika Saida Wetu

Kwa Mama yangu, Kibra.

Asalaam aleikum, Mama. Zainabu akusomee polepole, na akifika pabaya asiruke. Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila baridi ya Uingereza imenipasua midomo na chakula chao bado kinanishinda. Mgongo wako umepoa? Na Haboba, bibi yetu, bado anagombana na jirani juu ya yule mbuzi? Niandikieni yote, maana huku hata wa kugombana naye sina.

Barua yako nimeipata. Umesema Bwana Peremende amerudi, yule mtaalamu wa akili za watoto aliyekuja zamani na pipi zake, na sasa anataka kumchukua mdogo wangu Saida akakae mbali nawe, afundishwe kusema. Umeniuliza utie dole gumba kwenye karatasi yake au usitie. Usitie, Mama! Ngoja nikueleze.

Hapa hospitalini ninapojifunza uuguzi kuna chumba cha vitabu. Juzi sista mkuu aliniita kwa furaha: "Njoo uone, huyu bwana ameandika habari za kwenu." Kutazama, jina la Bwana Peremende! Makala zake zimejaa rafu nzima. Huku wanasema hakuna anayemjua mtoto wa Kiafrika kama yeye. Nikakaa kusoma. Lo! Heri ningesoma kabla ya kula.

Unakumbuka alipokaa barazani kwetu, akamsifu Saida kuwa mtoto mzuri? Ukajibu kama mama yeyote wa kwetu angejibu, jicho la hasidi lisimpate mwanawe: "Huyu? Hana lolote, kinyago tu." Haboba akatema mate pembeni. Kila mtu pale alijua ni mapenzi hayo. Basi yeye ameandika kwamba mama huyu hampendi mtoto, amekiri kwa kinywa chake, na bibi humtemea mate. Eti moyo wako mgumu ndio uliomfunga Saida ulimi.

Moyo mgumu, wewe! Wewe uliyembeba mgongoni mpaka wanawake wa mtaa wa Sarang'ombe wakakucheka, jitoto kubwa vile! Wewe unayejua kilio chake cha njaa, na kilio chake mvua inapopiga mabati. Saida alizaliwa hivyo, Mama. Hapa wodini wapo watoto wa Kizungu kama yeye, hawamtazami mtu usoni, wanapanga vijiko siku nzima kama yeye anavyopanga ukili wa Haboba wa kushonea mikeka kwa rangi. Mama zao nao wanaambiwa ni wao waliowaharibu. Wanakaa kwenye benchi nje wanalia, nami napita na ndoo yangu.

Ninalochukia zaidi ni jinsi alivyolikuza neno. Makala ya kwanza ni Saida peke yake. Ya pili wamekuwa watoto wa Kibra. Ya tatu ni mtoto wa Kiafrika na mama yake, sisi sote, bara zima! Na kila moja inashuhudiwa na ile iliyotangulia. Mtu anajitolea ushahidi mwenyewe, kisha anajipigia makofi. Naye alikaa kwetu asubuhi moja tu, akala mandazi yako, akaenda zake. Ptuu!

Nilimwendea sista mkuu nikamweleza yote. Si mtu mbaya, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini kijana, hii imechapishwa." Basi, ikawa imekwisha.

Katika makala ya mwisho anasema dawa ni kumtenga mtoto na mama yake kabisa, na kwamba anatafuta mtoto wa kuanzia. Ndiye Saida. Huyo hatibu mtu, Mama, anatafuta makala nyingine.

Akija mpe chai, hatukufundishwa kufukuza mgeni. Akitoa karatasi, sema mwanangu mkubwa amekataa. Akianza kutisha kwa jina la serikali, mwiteni Mjomba Abdalla avae medali zake zote za vita akae mlangoni, tuone nani atampita. Na Saida asiachwe barazani peke yake, hata kidogo.

Nisalimie Haboba, Zainabu msomaji wetu, Mjomba Abdalla, shangazi wa Kawangware na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Saida usimwambie salamu, mpe tu nyuzi za rangi nilizotia humu.

Ndani ya bahasha kuna ukurasa pia. Nimeuchana kwenye kitabu chao, na kesho nimeitwa kujieleza. Huenda wakanifukuza, na wanifukuze. Ni picha ya Saida aliyoipiga Bwana Peremende siku ile ya mandazi. Maneno ya chini nimeyakata kwa mkasi, hayakustahili kuingia nyumbani kwetu. Wewe wamekukata wao, huonekani uso, umebaki mkono tu pembeni. Utazame vizuri, Mama. Saida ameushika kwa mikono yake yote miwili.

Ni mimi mwanao,
Ramadhani