Kioo cha Mwisho kwa Kilimia

Malindi, Jumatano, baada ya isha

Laiti yule mama angenitukana, ningepata usingizi.

Vioo vya kupigia picha, kimoja kwa kila picha, huja kwa meli kutoka Mombasa, na jana nilikuwa nimebakiwa na kimoja tu. Nikakitumia kupiga picha Kilimia, kile kishada cha nyota. Nilikaa darini muda mrefu nikizungusha parafujo taratibu ili kamera izifuate nyota. Leo asubuhi nilipokiosha kile kioo nilifurahi kama mtoto. Nyota zimetulia, kila moja na nukta yake.

Adhuhuri akaingia kwenye chumba changu cha picha mama mmoja Mgiriama na mwanawe Karisa, wametembea tangu alfajiri. Kijana amevaa koti la kuazima. Kesho anapelekwa vitani kubeba mizigo ya jeshi, na mamake alitaka kubaki na picha ya mwanawe.

"Niwie radhi, mama, vioo vimekwisha."

"Na hicho kinachokauka dirishani?"

Nikamweleza. Tena nikampa akitazame, mjinga mimi, nikidhani labda akiona...

Akakiinua kwenye mwanga. Kiooni, kabla picha haijachapwa karatasini, nyota hutoka nyeusi, kama vumbi.

"Kilimia nakiona kila mwaka nikilima," akasema, wala hakupandisha sauti. "Huyu ndiye sijui kama nitamwona tena."

Nikasema meli italeta vingine. Kwani Karisa ataachwa aingoje?

Karisa alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya lile koti, analikunja vizuri, akalirudishe kwa mwenyewe.