Mkono Ulio Begani kwa Baba

Tunduma,
Jumatatu asubuhi.

Kwa kaka Ezron,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, wifi Tumaini na watoto mko wazima huko Dodoma, na kile kikohozi cha mdogo kimeshaisha. Sisi huku tunashukuru Mungu. Mvua imenyesha vizuri Mbozi nzima, mahindi ya Hasamba yamenipita kimo, na kahawa inaonyesha dalili njema. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua kukiwa na baridi. Barua hii nampa Gwamaka, kondakta wa basi, akukabidhi mkononi kabla hujaanza safari ya kuja huku. Ningepiga simu, ila kwenye simu huwa unanikatisha, na safari hii nataka unisikie mpaka mwisho.

Nina hasira na wewe, kaka. Nimelala nayo na nimeamka nayo, na nikiwa kazini fundi Rabson ananiuliza nani kanichokoza. Shikamoo nimekupa kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Uliponitumia ile picha ya marehemu baba ili iwekwe kwenye milango ya ukumbi mpya wa wakulima, nilifurahi sana. Nilijua kwa watu unanitaja kama dada yako anayechomelea mageti ya Wazambia, basi nikasema sasa ataona kazi yangu. Mimi sichori sura kwa mkono. Naandika maelekezo kwenye kompyuta, programu inaisoma picha nukta kwa nukta na kupima weusi wa kila nukta. Penye weusi inaweka tundu kubwa, penye mwanga inaweka tundu dogo au inaliacha bati zima. Kisha mashine inakata. Ukisimama karibu unaona matundu tu. Ukienda mbali, sura inakutazama.

Sasa ile picha uliyotuma ilikuwa imekatwa upande. Baba amekaa kwenye kiti na suti yake, na nyuma yake hakuna mtu, ila begani kuna mkono. Chini uliandika kwamba ule mkono niufute, ndiyo amri ya wazee wa ukoo. Kaka, mkono ule nani asiyeujua? Kidole cha shahada ni kifupi, kililiwa na mashine ya kumenyea kahawa wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Hasamba nzima inamjua mama yetu Ketrina kwa kidole kile.

Kisa chake nilikijua. Tangu mama akatae kurithiwa na baba mdogo Nikodemo, wazee wamemnunia, vikao haitwi, na hata kwenye misiba anaelekezwa akae nyuma. Nikasema moyoni, kaka kabanwa na wazee, afanyeje. Basi nikatii. Niliandika mstari mmoja kwenye programu kwamba ikifika kwenye zile nukta za begani isiisome picha, iweke tu weusi wa koti. Ikatii na yenyewe, haijui mjane ni nani.

Lakini baba akaharibika. Alionekana amelalia upande kama mtu aliyetoka kilabuni. Nikarekebisha bega, shingo ikapinda. Nikanyoosha shingo, sura ikawa si yake. Nikaona labda shida ni ile picha ya simu, nukta zake chache mno, nikapanda gari mpaka Hasamba kumwomba mama ile yenyewe ya karatasi. Aliitoa kwenye kitabu cha nyimbo akanipa bila kuniuliza ya nini. Nilipoona anavyoipangusa kwa upande wa kanga, uzalendo ukanishinda, nikamwambia yote.

Nikamwambia pia nilichoamua. Milango ni miwili, basi nitamweka baba kwenye mmoja na yeye kwenye mwingine, na wazee wakasirike mpaka wachoke. Siku iliyofuata akaja nami Tunduma, Rabson akakata mfano wa sura zote mbili kwenye bati chakavu, tukaliegemeza ukutani. Mama akavuka barabara ili aone vizuri. Malori ya mpakani yalikuwa yamepanga foleni, ikabidi angoje yasogee. Yaliposogea nikamwona amesimama kule ng'ambo, amejishika mdomo.

Aliporudi alisema hapana. Alisema hataki kuwekwa mlangoni kwa kuibiwa nafasi usiku wa manane kama kuku, na kwamba waliomtoa wanamjua, siku wakimtaka watamwita kwa jina. Nikaanza kubisha, akaninyamazisha. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini baba amelala upande. Sikujua. Akasema siku ile ya picha, pale Vwawa, baba alikuwa na homa kali, alitetemeka tangu asubuhi, ila aligoma kurudi nyumbani kwa kuwa mpiga picha alikuwa haji kila wiki. Alipokaa kwenye kile kiti akawa anayumba. Mama ndipo akamshika bega, akamwambia tazama mbele. Kwa hiyo lile si pozi, kaka. Mama alisema sura yake niitoe kama wanavyotaka, ila mkono niuache, kwa sababu mkono ukitoka baba yetu anaanguka.

Nilikaa chini pale pale kwenye vyuma nikalia. Mimi na kompyuta yangu tulihangaika na bega lile siku nzima, kumbe mtu alikuwa ameegemea.

Sasa sikia linalonichoma zaidi. Juzi Jumamosi baba mdogo Nikodemo alikuja kukagua milango kwa niaba ya kamati. Alikagua kama watu wetu wanavyokagua geti. Aligonga bati kwa kifundo, akapima unene kwa kucha, akatikisa bawaba, akasifu uchomeleaji. Pua yake ilikuwa imekaribia kugusa mkono wa mama na hakuona kitu, aliona matundu. Alipokuwa anaondoka ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba lile la kumkata mama kwenye picha yeye halikumkaa vizuri. Alisema mama alimkataa, kweli, na ilimuuma, lakini hakuwahi kusema afutwe. Alisema ni wewe uliyelileta kwenye kikao, ili wazee waone uko upande wao, wakuunge mkono ugombee udiwani.

Kwa hiyo amri ya wazee haikuwepo. Ilikuwa ni wewe, kaka Ezron. Mtoto wa kwanza wa mama yule. Mwanamume aliyekataliwa alimwonea haya, wewe uliyemnyonya hukumwonea. Usinipigie kunieleza siasa ilivyo. Sitaki.

Milango imeshafungwa pale ukumbini, tangu jana jioni. Baba yupo katikati, na mkono upo begani, na kidole kifupi kinaonekana vizuri kabisa. Ukitaka mkono uondoke, lete fundi azibe kwa kiraka, na watu watauliza kiraka cha nini. Mimi nitawajibu.

Jumamosi utakata utepe ukiwa umesimama mlangoni na wazee wako, na mtaona matundu. Meza kuu ipo karibu mno, na viti vya mbele pia. Mama wamempangia kule mwisho kabisa, na kina mama wengine, karibu na masufuria. Hukohuko ndiko picha inakoonekana. Ukimaliza hotuba yako, nenda kamsalimie, halafu geuka utazame kutoka alipokaa.

Msalimie wifi Tumaini, mwambie vitenge alivyoagiza vipo. Wabusu watoto. Nakuombea safari njema, hilo naliomba kwa moyo, pamoja na hasira zangu zote.

Ni mimi mdogo wako,
Jenista