Picha za Magunia Ni Zako, Mama

Mpendwa Mama,

Jana niligombana na watu wa heshima mbele ya umati, na sijutii hata kidogo.

Wewe ndiye uliyechora mabango yote ya maduka ya Suneka. Lile la bucha lenye ng'ombe anayecheka ni lako, na la kinyozi pia. Ulipanda ngazi leso ikiwa kiunoni, brashi ya pili umeing'ata. Lakini wenye maduka waliona haya kusema kazi yao imefanywa na mke wa mtu, kwa hivyo pembeni uliandika jina la Baba. Baba, Mungu amrehemu, hakuweza kuchora hata yai!

Ukishachuma chai, ulichora picha zako mwenyewe kwenye magunia uliyoyapaka rangi nyeupe. Hizo hukuzitia jina. Nilipouliza, ulicheka: "Kwani hapa nyumbani nani hajui?"

Sasa hujui yaliyotokea. Wenye maonyesho ya picha mjini Kisii wametundika magunia yako. Wameyalinganisha na mabango, wakaona mkono ni mmoja, wakabandika jina la Baba chini ya kila picha. Nikaenda moja kwa moja kwenye picha ya kwanza.

Kaka akanivuta kando. "Wachana na hiyo maneno. Baba akisifiwa, si ni sisi sote?"

"Wewe sifiwa," nikamwambia, nikabandua karatasi ya kwanza.

Mwenye maonyesho akanijia mbio akitaka ushahidi. Kabla sijafungua mdomo, Moraa, mliyekuwa mkichuma naye chai, akasimama mbele ya picha ya mwanamke mwenye kikapu.

"Huyu ni mimi," akasema. "Nilikuwa na mimba, mgongo inauma, na Bosibori, mama ya huyu, ananiambia nisimame tu, bado hajamaliza mkono. Bwana yake alikuwa wapi? Alikuwa kilabuni akinywa busaa!"

Ukumbi mzima ulicheka, hata Kaka na tai yake shingoni. Mimi nililia, Mama. Nimekukosa sana, na nimechoka kusikia ulikuwa mnyenyekevu. Hukuwa mnyenyekevu, ulinyimwa jina lako.

Yule mwenye maonyesho akachukua kalamu, akaandika jina lako, kisha akataka kuongeza, "mke wa..."

Nikamshika mkono. Nikamwambia aweke nukta hapo hapo.

Akaiweka.

Pumzika, Mama. Huku mimi sipumziki.

Binti yako