Fundi Aliyeongea na Babu Yako

Mjukuu wangu Rehema,

Pokea salamu zetu kutoka Springfield. Babu yako hajambo, ila goti linamsumbua. Shangazi yako amehamia Columbia, na kanisani bado wanakuulizia.

Umeniuliza kama uende na kaka yako gereji ili yeye aongee na fundi. Swali hilo limenipandisha hasira, maana yalinikuta hayohayo ujanani.

Nilikuwa na gari la zamani la Kimarekani, lenye injini kubwa, linalokimbia sana lakini halitaki kona. Nilitaka kushindana nalo kwenye uwanja wa maegesho, ambapo magari hupita moja moja kati ya koni za plastiki, yakipimwa muda. Nikamwambia fundi, "Nibadilishie springi, shokapu na breki. Injini usiiguse."

Akamgeukia babu yako, aliyekuwa amenisindikiza. "Tutaiongezea injini nguvu kidogo."

Nikarudia. Akatabasamu kama anayebembeleza mtoto. Nilipolifuata gari, injini ilikuwa imeongezwa nguvu, springi zilezile. Nikalipeleka kwa fundi mwingine, nikasimama hapohapo mpaka akafunga kila nilichotaka.

Siku ya mashindano sikugusa koni hata moja. Yule fundi wa kwanza alikuwepo, akaja kumpa babu yako mkono.

"Hongera, mzee. Gari lako linageuka vizuri."

"Mimi hata kuendesha sijui," babu yako akamjibu. "Mwenye gari huyu hapa."

Fundi akanitazama, akaondoka. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Kaka yako mwache nyumbani.

Bibi yako akupendaye,
Tabitha