Kijiti cha Pamba Kimesema Mimi Si Mama

Warkworth, Nyuzilandi
17 Juni 2023

Mdogo wangu mpendwa Rotia,

Hujambo huko Abaiang? Shemeji Baraniko na watoto hawajambo? Kikohozi cha Tioti kimepoa? Na shimo la magimbi yetu ya bwabwai je, maji ya chumvi yamerudi nyuma au bado yanaozesha mizizi? Sisi tu wazima, ila baridi inatutoa machozi. Bureimoa anavaa soksi mbili mbili kwenda kuchuma nyanya na bado analalamikia vidole.

Nina jambo la kukuomba, Rotia. Ukilisoma usinikasirikie. Hasira ninazo mimi za kututosha sote wawili.

Unakumbuka tuliposhinda bahati nasibu ya kuhamia huku, mimi na mume wangu tulitangulia, Maere akabaki Tarawa kwa Mama yetu mpaka karatasi zake zikamilike. Kwenye fomu paliulizwa jina la mama mzazi. Nikaandika langu. Ningeandika la nani? Nilikuja kukuomba Maere akiwa bado tumboni mwako, ukanipa, na tangu siku ile maneaba nzima, baraza letu la kijiji, inamjua kuwa mwana wa Teitiria. Yeye mwenyewe anajua ulimbeba wewe, wala hujawahi hata siku moja kumwita wako.

Basi ofisi ikataka kipimo cha vinasaba, hii DNA wanayoizungumzia kila mahali. Unapewa kijiti chenye pamba, unasugua ndani ya shavu, kwisha. Mimi nilisugua huku, Maere akasuguliwa kliniki Tarawa. Nilisugua nikicheka, mjinga mimi! Nilidhani wanataka kujua kama tu damu moja, na sisi si damu moja?

Majibu yalikuja Jumanne. Ati mimi si mama wa mtoto, huenda ni dada wa mama yake. Yule afisa wa kaunta, kijana mpole tu, akaniambia, "Mama, ungesema tangu mwanzo. Sasa inaonekana umetudanganya."

"Nimemdanganya nani?" nikamuuliza. "Mwanangu ana miaka kumi na mmoja, nimemchambulia miba ya samaki tangu hana meno!"

"Lakini mama yake halisi yupo. Kwa nini asikae naye?"

Halisi! Damu ilinichemka, Rotia. Bureimoa akanivuta mkono, "Taratibu, mke wangu, utavunja meza ya watu."

Na huyo Bureimoa naye ananichosha, maana anakisifia kipimo chenyewe. Ananikumbusha mifupa ya wale askari wa vita iliyofukuliwa kwetu Betio, jinsi ilivyopimwa baada ya miaka karibu themanini, ikapata majina na kurudishwa kwao. Anasema kuna watu wametolewa gerezani kwa sababu ya kipimo hiki, na kuna watoto wanaokutwa na ugonjwa mapema wakapona. Siku hizi, eti, wanachota maji ya bahari kwenye chupa wakajua papa gani kapita. Sawa, nimekubali, watu wana akili. Ila askari aliyekufa zamani wamemrudisha kwa mama yake, na wangu aliye hai wamemzuia.

Sasa ombi lenyewe. Faili linafungwa mwisho wa Agosti. Wanataka na wewe upimwe, kisha utie sahihi kwamba ulinipa mtoto kwa hiari yako. Naomba upande boti uende kliniki Tarawa, wakusugue shavu. Karatasi itaandikwa kwamba wewe ndiye mama.

Naona haya kukuandikia haya. Kwetu mtoto aliyetolewa harudishwi, na sasa ni kama nakurudishia Maere kwa kalamu. Simrudishi! Tena nikwambie kweli, naogopa. Naogopa utaliona jina lako pale, limepigwa muhuri, na moyo wako uanze kukuambia mengine. Ukiwa na neno, niambie mimi dada yako kabla ya kuwaambia wao.

Maere alinipigia Jumatano kwa simu ya Mama. Mama alikuwa amekwisha kumwambia majibu. Nilijiandaa kwa kilio, lakini hakulia. Akasema, "Mama, nadhani ni kosa langu. Nilisugua kidogo tu kwa sababu kilikuwa kinanitekenya. Waambie wanipe kijiti kingine, safari hii nitasugua sana."

Bureimoa ndiye aliyeichukua simu.

Nisalimie Shemeji Baraniko, umwambie kofia yake nimeshainunua. Wabusu Tioti na Teaua, na ukifika Tarawa mkande Mama ule mguu wake. Ukimwona Maere pale kliniki, usimweleze habari za damu wala vinasaba. Mwambie tu kwamba alisugua vizuri.

Afya, amani na baraka ziwe nyumbani mwako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Teitiria, mama yake Maere