Tambuu Ndani ya Mrija

Mpendwa mshauri Bi Nashidha, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na jina la kisiwa usilichape, maana huku ukikohoa upande wa gati, upande wa msikiti wanakuletea pole. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, shule niliiachia darasa la nne lakini bahari nimeisoma yote, nimepiga mbizi za pweza tangu sina ndevu, bila miwani wala mrija wa kupumulia, sasa mke wangu Sitthi, ambaye miaka arobaini na mbili kazi yake ilikuwa kunisubiri na sufuria ya supu ya jodari, kajiunga na kina mama wanaopandikiza matumbawe, kajifunza mrija, na akirudi ananiambia, "Baba Shifa, wewe kasa unamjua nyama tu, mimi nimemjua sura." Nikanuna siku mbili, lakini nilifurahi aliponiomba niwe mwenzake majini, maana hawaingii mmoja mmoja, wanaingia wawili wawili, huyu amwangalie yule.

Basi nikaenda peke yangu kujaribu kwenye maji tulivu ya ndani ya mwamba, tambuu shavuni kama kawaida yangu baada ya chai, nikang'ata mrija, nikajaza kifua, nikazama, nikaibuka, nikavuta pumzi kama nilivyovuta maisha yangu yote, na Bi Nashidha, nilivuta bahari na tambuu kwa pamoja, nikakohoa mpaka maji yakawa mekundu kwa mate ya tambuu, kina mama waliokuwa ufukweni, Sitthi akiwemo, wakaja mbio wakidhani papa kanionja, na mimi kwa aibu nikasema sikio limepasuka. Sitthi akalia. Kisha akafuta machozi, akasema, "Basi wewe pumzika, Ijumaa nitaingia na Isa Thakurufaan." Huyo Isa alimposa kabla yangu, na meno anayo yote. Nifanye nini?

Dhon Manik

*

Mzee Dhon Manik, kwa kukohoa nakupa pole, kwa uongo sikupi. Umemliza mkeo kwa mate ya tambuu.

Kosa lako ni la wapiga mbizi wote wa zamani. Ninyi mkiibuka, cha kwanza ni kuvuta hewa. Mrija ukiibuka umejaa maji, kwa hiyo cha kwanza ni kupuliza. Usimalize hewa yote huko chini, bakisha ya kupulizia. Na kupuliza kwenyewe unakujua: ndiko kule kutema tambuu kwa mkupuo mmoja, tuu, mate yakavuka ukuta wa jirani. Nguvu itoke tumboni, si mashavuni. Halafu usivute kwa pupa. Ionje hewa polepole, na ukisikia maji yanagugumia mrijani, puliza tena.

Ukiwa unaelea, pumua taratibu, vuta ndefu, toa ndefu. Ukihema kama mbwa, hewa chafu inabaki mrijani unairudia hiyo hiyo mpaka kichwa kinazunguka. Miwani ikiingia maji, bonyeza ukingo wa juu kwenye paji la uso, inua uso kidogo, utoe hewa kwa pua. Sharubu zipunguze, hapo ndipo maji yanapopenya. Na tambuu iache nyumbani, mapafu hayana kopo la kutemea.

Peke yako usijaribu tena. Anza umesimama kwenye maji ya kiuno, uso tu ndani, mpaka kupuliza kuje bila kufikiri.

Nani akusimamie? Unamjua. Ila mwenzako majini anakulinda kwa kile anachokijua juu yako. Sitthi akiamini sikio lako ndilo bovu, atachunga sikio, na wewe utakuwa unazama kwa koo. Tena fikiria yeye ndiye apate shida, mlinzi wake bado anakohoa. Isa hana kosa hapa, na meno yake muachie.

Leo, kabla ya chai ya jioni, mwambie ilikuwa tambuu. Atakucheka. Mwache acheke mpaka amalize, kisha muulize mnaanza kujifunza saa ngapi.