Hodi ya Besi

Nyambureti,
13 Januari 2025

Mwanangu Mokami,

Pokea salamu za nyumbani. Mama yako mzima, ng'ombe wazima, na mimi nimo kwenye hesabu ya wazima kwa kadiri daktari alivyoruhusu. Natumaini hujambo huko Nkende, na kazi yako ya spika na kurekodi inaendelea vizuri kwa bosi wako Shamsudin.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu imenishinda, binti yangu. Tangu kile kiharusi ulimi umekuwa mzito. Nikisema jambo unaniuliza "Nini, baba?", nalirudia, unauliza tena, napandwa na hasira, mwisho mama yako ananinyang'anya simu na kukueleza mambo ambayo sikuyasema. Mkono wa kulia unaandika kama zamani, kwa hiyo nitaandika. Barua nampa Nchagwa wa gari la mizigo, yeye hupita Tarime.

Jana nilirudi kwenye kwaya. Nilikaa kwenye stuli yangu, gitaa la besi begani, nikapiga. Tatizo ni mkono wa kushoto. Vidole vinagusa nyuzi lakini havikazi, basi noti moja inatoka kama dume la ng'ombe, inayofuata haisikiki hata na mimi niliyeipiga. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya, Mwikwabe, alinishika bega akasema, "Mzee Tomaso, sasa upumzike. Tumshukuru Mungu kwa uzima." Maana yake ni kwamba mwezi wa sita kwaya ikija kurekodi hapo kwenu, besi itapigwa kwenye kinanda. Kinanda hakipati kiharusi.

Nilimwambia sawa. Lakini si sawa. Besi ile naipiga tangu hujazaliwa, na sijui Jumapili nitakaa wapi kama sikai pale. Mama yako alinikataza kukuandikia haya, anasema utahangaika. Hangaika kidogo tu.

Ni mimi baba yako,
Tomaso


Nkende, Tarime,
26 Januari 2025

Shikamoo tata, baba yangu,

Barua yako imefika ikinuka dagaa, sijui Nchagwa aliiweka wapi. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mpe mama shikamoo yake. Shamsudin anakusalimu sana, anakukumbuka ulivyokuja kununua nyuzi ukabishana naye mpaka adhana ikamwokoa.

Nimehangaika kidogo kama ulivyoagiza. Kuna kitu kinaitwa kompresa. Ni kijisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Noti ikiruka juu kinaibana, halafu kinapandisha sauti yote kwa pamoja, na ile iliyokuwa chini inasikika. Zile noti zako zinazopotea zingerudi.

Wapiga besi wanaokuja kwetu hawakubaliani juu ya kitu hiki. Wapo wasiopiga bila hicho, hasa wale wa kugonga nyuzi kwa kidole gumba. Wapo wasiotaka hata kukiona, wanasema kinaua mkono wa mtu. Wengine Shamsudin huwabana kwenye kompyuta wakishaondoka, bila kuwaambia, na hao ndio humsifu kuliko wote.

Nikutumie kimoja? Kwaya bila besi yako siijui, baba, na sitaki kuijua.

Mimi mwanao,
Mokami


Nyambureti,
10 Februari 2025

Marahaba mwanangu,

Hatujambo. Mvua imenyesha na mahindi yamesimama vizuri. Nimemsomea mama yako habari za hicho kijisanduku. Jibu langu ni hapana, na ahsante.

Kama tunataka noti zote zilingane, kinanda kipo. Mtu anayeongea kwa sauti moja toka asubuhi mpaka jioni, hata mkewe humwacha akiongea na kwenda zake kuchota maji. Babu yako alipokuwa akipiga litungu, ile ala yetu ya nyuzi, uzi mnene aliugonga kwa nguvu pale alipotaka watu wageuke, kwingine aliupapasa tu. Hayo ndiyo niliyoyapeleka kanisani. Au umesahau hodi? Kwaya yetu inacheza ikiwatazama waumini, hakuna anayemwona Mwikwabe akipunga mikono huko nyuma. Kabla ya kila kiitikio nagonga uzi mnene mara mbili, kwa nguvu kuliko noti zote, nao wanaingia. Wewe mwenyewe uliingia kwa hodi hiyo ukiwa na meno ya utoto.

Nikishindwa, nitashindwa kwa mkono wangu.

Baba yako


Nkende,
2 Machi 2025

Shikamoo tata,

Natumaini hii inawakuta salama. Mimi sijambo, ila nimekasirika. Nilisoma barua yako nikacheka, kisha nikaacha kucheka.

Zamani wewe ndiye uliyechagua noti ipi igongwe na ipi ipapaswe. Sasa anayechagua ni ugonjwa. Unautetea ugonjwa, baba, ukidhani unautetea mkono wako. Na Jumapili utakaa wapi?

Nimempa Nchagwa kijisanduku, nimemwambia kisikae karibu na dagaa. Nimekipima mwenyewe, na vile vifundo vyake vya kuzungusha nimevibandika karatasi za gundi visisogee. Usivibandue, nakujua. Mfuko wa pili ni khanga ya mama.

Mwanao anayekupenda,
Mokami


Nyambureti,
21 Aprili 2025

Mokami,

Salamu. Sisi wazima.

Nilinyamaza muda wote huu kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi na kijisanduku chako, nikitaka nikuandikie habari njema. Hapa nyumbani kilikuwa kizuri, siwezi kukisema vibaya. Noti zote zilitoka. Nikamwomba Mwikwabe anijaribu siku ya Pasaka, akakubali.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Watu waligeuka kunitazama, nami nikatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaotabasamu. Tukafika kwenye kiitikio. Niligonga hodi kwa nguvu zangu zote, ikatoka sawasawa na noti nyingine. Hakuna aliyejua kwamba nimebisha. Sauti ya kwanza wakabaki kimya, sauti ya tatu wakaanza, wakaogopa, wakaacha. Mama yako, kule kwenye sauti ya pili, aliimba "amefufuka" peke yake, kanisa zima likimsikiliza. Watu walicheka. Mwikwabe akawasha kinanda.

Gitaa liko chini ya kitanda. Kijisanduku nitampa Nchagwa akurudishie. Usijilaumu, na usinitumie kitu kingine.

Baba yako


Nkende,
27 Aprili 2025

Shikamoo tata,

Natumaini mama ameacha kuona aibu. Mwambie angalau yeye alikuwa sahihi, wengine ndio waliochelewa.

Kosa ni langu. Nilikipima hapa karakana nikipiga peke yangu, bila kwaya. Uliniandikia habari za hodi kwa mkono wako, mimi niliyelelewa na hodi hiyo, nikasoma nikapita. Nimelia, sikufichi. Shamsudin akaniacha nilie, halafu akaniuliza swali moja: kwani lazima kiwake muda wote?

Sikiliza. Kijisanduku kina kitufe cha kukanyaga. Ukikikanyaga taa inazima na gitaa linapita lilivyo. Basi ubeti mzima kiwe kinawaka, kibebe noti dhaifu. Hodi ikikaribia kizimwe. Hodi unaigonga kwenye uzi mnene ukiwa wazi, vidole vya kushoto havina kazi hapo, na ndiyo maana nyimbo zenu zote ziko kwenye ufunguo mmoja. Mkono wako wa kulia ni mzima. Itatoka na nguvu zake zote. Ukishabisha, kiwashwe tena.

Najua swali lako: nani atakikanyaga? Mguu wa kushoto hauinuki, na wa kulia ndio unaokushikilia kwenye stuli usianguke. Hapo sina jibu. Ila usimpe Nchagwa kijisanduku bado, na gitaa litoe chini ya kitanda, panya wa Nyambureti nawajua.

Mwanao,
Mokami


Nyambureti,
9 Juni 2025

Marahaba mwanangu Mokami,

Nakusalimu kwa moyo mweupe kabisa. Hatujambo wote, mahindi yameanza kukauka. Panya hawakuligusa gitaa.

Jibu la mguu limepatikana, na kumbe lilikuwa linalala nami chumba kimoja. Nilimsomea mama yako barua yako. Kesho yake nikamkuta jikoni anakoroga uji, kijisanduku kiko sakafuni, anaimba sauti ya pili na kukikanyaga. Nikamuuliza, "Bernadetha, unafanya nini?" Akasema, "Wewe gonga, mimi nitakanyaga. Umenibishia hodi miaka yote hii, nitashindwaje kujua inakuja lini?"

Tumefanya mazoezi mwezi mzima, tukigombana kila siku. Yeye anasema nachelewa, mimi nasema anawahi. Jana, Pentekoste, alitoka kwenye mstari wake wa sauti ya pili, akavua viatu, akasimama kando ya stuli yangu. Mguu mbele, tak, nikabisha, tak tena. Kwaya ikaingia yote. Mokami, nilishindwa kuona nyuzi kwa machozi, ikanibidi nipige kwa mazoea.

Sasa sikia kituko. Wanawake wa sauti ya pili walipomwona anapeleka mguu mbele kabla ya kila kiitikio, walidhani ni mtindo mpya wa kucheza na wao hawakuambiwa. Kufikia wimbo wa tatu mstari mzima unakanyaga. Mwikwabe kafurahi, anasema mtindo huo ndio utakaokwenda kwenye video. Na besi ni yangu. Kinanda kitapiga tarumbeta.

Tunakuja mwisho wa mwezi. Mwambie Shamsudin aandae stuli isiyoyumba.

Baba yako


Nkende,
13 Julai 2025

Shikamoo tata,

Natumaini mlifika salama na mgongo umepona baada ya ile barabara. Tangu mlipoondoka karakana imekuwa kubwa mno. Mama aliacha kitambaa chake, nimekihifadhi.

Nyimbo zimekamilika, anazo Nchagwa. Lakini kuna jambo sikukuambia mlipokuwa hapa. Studio hatuhitaji kijisanduku. Tungeweza kurekodi gitaa lako tupu, halafu Shamsudin angezibana noti kwenye kompyuta na kuiacha hodi ilivyo. Siku ile alifungua mdomo akueleze, nikamfinya. Mama alikuwa ameshavua viatu mlangoni na amesimama kando ya stuli yako akisubiri. Ningemwambia nini, kwamba arudi kwenye mstari?

Halafu kuna hili. Tulipokuwa tunasafisha sauti, Shamsudin akasikia "tak" kabla ya kila hodi. Kipaza sauti kilikuwa karibu, kikaushika mguu wa mama. Akasema anaiondoa. Nikamwomba asikilize kwanza mpaka mwisho. Akasikiliza, akasema, "Huyu mama yuko kwenye mapigo kuliko wapiga ngoma wote walioingia humu. Mwache." Tumemwacha. Mkisikiliza vizuri, mama anasikika kabla yako.

Habari za kompyuta usimwambie.

Mwanao,
Mokami


Nyambureti,
22 Septemba 2025

Marahaba mwanangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Ilikuwa mavuno. Sisi ni wazima, tena mimi mzima kuliko nilivyokuwa, na hilo ndilo ninalotaka kukuandikia.

Nyimbo tumezisikiliza mpaka majirani wamezikariri. Mama yako akizisikiliza hukaa kitini, na mguu wake hushuka sakafuni kabla ya kila hodi bila yeye kujua.

Sasa na mimi nikuambie langu. Daktari aliniagiza vidole vya kushoto vifanye kazi, basi mavuno yote nimepukuchua mahindi kwa mkono huo, gunia baada ya gunia, mpaka nikaota nimegeuka kuku. Mwezi uliopita, nikifanya mazoezi peke yangu, nilichomoa kijisanduku nione. Noti zilitoka. Si zote, ila za kutosha, na kubwa ilikuwa kubwa kwa sababu mimi nimetaka. Nikabandua zile karatasi zako, nikavirudisha vifundo nyuma mpaka kisibane kitu chochote, nikakichomeka tena. Kimebaki na taa tu. Ikiwaka ikizima, sauti ni ile ile.

Mama yako hajui. Kila Jumapili anavua viatu, anasimama kando yangu, anakanyaga, taa inazima, nabisha, anakanyaga, taa inawaka. Mstari mzima wa sauti ya pili unamfuata. Juzi nilifungua mdomo nimwambie apumzike, arudi kwa wenzake. Nikaufunga. Nilipokuwa sina mkono alinipa mguu wake, na kusema kweli nimezoea kupiga nikiwa nasikia khanga yake karibu. Sitaki kupiga asipokuwepo pale.

Taa ya kijisanduku imeanza kufifia. Mpe Nchagwa betri mpya, na mwambie aharakishe, iwahi Jumapili.

Ni mimi baba yako,
Tomaso